Nyumba ya Malukhu Haiuzwi

Norman, weka hicho kikombe chini. Janepher, mwanangu, acha kunifuta jasho ambalo halinitoki, kaa hapo kwenye mkeka nikuone vizuri, maana leo nina maneno, na pumzi niliyobakiza sijui kama itayatosha yote, kwa hiyo msinikatize mpaka ninyamaze mwenyewe. Mnakiona hiki kidole gumba changu cha kulia, kilichofungwa bandeji? Jana nesi alipokuja kunichoma sindano nilimwambia anifungie, akaniuliza, "Mama, kidonda kiko wapi?" nikamjibu, "Kidonda kitakuja ukikiacha wazi." Kidole hiki ni kizima. Nimekifunga kwa sababu juzi, hapahapa Bugembe, chini ya paa la mwanangu wa kwanza, niliamka nikakuta pedi ya wino wa buluu pembeni ya mto wangu na karatasi imelala kifuani pangu, karatasi ya kuhamisha umiliki wa nyumba, nafasi ya jina la mnunuzi iko tupu, nafasi ya bei iko tupu, nafasi ya kidole changu tu ndiyo imewekewa alama ya kalamu. Nikafumba macho tena. Nimekuwa askari magereza miaka thelathini na mmoja. Najua kujifanya nimelala.

Usiinamishe kichwa, Norman, bado sijakuhukumu. Na wewe, Janepher, usimrukie kaka yako. Hukujua, nami nilitaka ulisikie kutoka kinywani mwangu, ndiyo maana nilikuita utoke Mbale na gari la asubuhi. Kaka yako anataka kuuza nyumba ya Malukhu, kule Mbale, nyumba unayolala wewe na watoto wako, ili anipeleke India wakanifungue kifua. Si mwizi huyu. Mwizi hambebi mama yake mgongoni mpaka chooni kama anavyonibeba yeye kila siku. Lakini mtu mwema asiyeuliza huvunja nyumba sawasawa na mwizi, na mimi Aber, binti wa Acholi, mjane wa Wanyama, sajini mstaafu, nasema nikiwa na akili zangu zote: nyumba ya Malukhu haiuzwi. Haiuzwi kwa mgeni, haiuzwi kwa ndugu, na haiuzwi kwa ajili ya kifua changu. Kifua hiki kimeshatumika.

Mnadhani ni ukaidi wa uzee. Basi sikieni ukaidi huu ulizaliwa wapi.

Ninyi mlikuwa wadogo, tukiishi kambini Jinja, chumba kimoja na pazia katikati, na baba yenu akikoroma hata jirani anagonga ukuta. Tukataka kwetu. Sasa sisi watu wa kambini tuna ugonjwa mmoja ambao raia hawana: tunaamini cheo. Mtu mwenye nyota begani akikuambia jua limezama saa sita mchana, unawasha taa. Afande Bakhit, kapteni mstaafu wa jeshi, alikuwa na nyumba hapa Bugembe, ng'ambo ya barabara hii ya Iganga. Akaja kantini, akatukuta tunakula, akasema, "Nawapa ninyi kwanza kabla sijawapa raia." Baba yenu akasimama wima na tonge mdomoni, akampigia saluti! Niambieni, mtu uliyempigia saluti utamdai hati vipi? Utamuuliza kwa mdomo gani, "Afande, hii nyumba ni yako kweli?" Hatukuuliza. Mkataba uliandikwa juu ya meza ya kantini, kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, akatoa muhuri wake mfukoni, akagonga, akamaliza soda yake, akaondoka, na sisi tukalala tukijiita wenye nyumba.

Siku tuliyokuja na vitanda vyetu juu ya pikapu, tulimkuta mke wa Bakhit, Mama Shakul, amesimama mlangoni na mwiko wa kusongea posho mkononi.

"Nani kawaambia hapa panauzwa?"

"Mume wako, Kapteni," akasema baba yenu.

"Huyo ni kapteni wa jeshi. Jikoni humu kapteni ni mimi, na mimi sikutia sahihi."

"Mama, tuna mkataba, una muhuri wa LC."

"Mliniona kwenye huo mkataba? Mlikuja hata siku moja kunywa chai hapa, mkajua ndani kunalala nani?"

Tukaenda kwa hakimu. Hakimu alisema kwamba nyumba ambamo familia inaishi haiuzwi mpaka mke au mume akubali kwa maandishi, na kwamba muhuri wa mwenyekiti unathibitisha tu kuwa mwenyekiti alikuwepo. Kwa hiyo mauzo yale si mauzo, twende tukamtafute Bakhit aturudishie chetu. Bakhit alikuwa ameshavuka mpaka zamani. Tukarudi kambini na vitanda vyetu juu ya pikapu ileile, na askari wenzetu wakatoka nje kutushangilia: "Karibuni wenye nyumba! Hotelini chumba kimejaa?" Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Baba yenu alimchukia Mama Shakul mpaka siku aliyofariki. Mimi nilijaribu kumchukia, nikashindwa, kwa sababu kila nikifumba macho namwona amesimama mlangoni na mwiko, peke yake, mbele ya askari wawili na hamali wanne, na hasogei. Yule mwanamke alikuwa na haki. Alitufilisi kwa haki. Norman, duka lake liko hatua mia moja kutoka hapa, na wewe unavuka barabara kwenda kununua sukari kwingine kwa ajili ya kinyongo usichokijua mwanzo wake. Kinyongo kile kilikuwa cha Wanyama, na kimezikwa naye. Kesho kanunue sukari kwa Mama Shakul, umsalimie, umwambie Aber anamsalimu.

Nipe maji. Kidogo. Inatosha.

Aliyenifundisha kununua nyumba hakuwa wakili wala mchungaji, alikuwa mfungwa. Wilkista, Mkenya wa upande wa Busia, dalali wa viwanja pale Masese, aliyefungwa kwa kuuza kiwanja kimoja kwa watu watatu, na wote watatu wakakutana siku moja wamebeba mawe ya msingi. Nilimlinda miaka miwili katika upande wa wanawake, yeye akisuka mikeka, mimi nimekaa kwenye benchi na kirungu changu. Siku moja nikamsimulia habari ya Bakhit. Akaacha kusuka, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Afande," akasema, "wewe ungekuwa mteja wangu ningekuuzia ziwa lote, halafu dagaa ungewalipia peke yao."

Nilitaka kumwadhibu. Halafu nikasema moyoni, mwizi wa kuku ndiye anayejua banda gani halina kitasa. Nikamwambia, "Basi nifundishe."

Akanifundisha, nami nikabeba. Alisema mjinga huangalia nyumba na mwerevu huangalia daftari, na kwamba yeye aliishi mjini miaka tisa kwa kumwomba Mungu watu wasiende ofisi ya ardhi. Hati anayokuonyesha muuzaji ni karatasi, na karatasi hupikwa. Ukweli uko kwenye daftari la ofisi, humo ndimo utaliona jina la mwenye ardhi, na kama kuna benki imeishika, na kama kuna mtu ameweka zuio. Alisema usipekue mara moja, pekua siku ya kwanza na upekue tena asubuhi ya siku ya kulipa, kwa sababu katikati ya siku hizo mbili yeye alikuwa anaweza kuuza mara mbili zaidi. Alisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ukaketi, ukanywe chai, ukamsikie mke anamwita mume kwa sauti gani. Na alisema jambo moja ambalo lilinichoma: "Afande, mimi sikuwa naiba kwa werevu. Nilikuwa naiba kwa aibu za watu. Mteja anaona haya kuniuliza, mimi najenga kwenye ile haya."

Basi nilipopata nyumba ya Malukhu, niliivua haya kama gwanda la zamu. Muuzaji alikuwa mwalimu mstaafu, Yekosofati, mzee wa heshima, msomaji wa somo la pili kanisani, na nilimuuliza maswali mpaka baba yenu akanivuta pembeni: "Mama Norman, unanunua nyumba au unachunguza mauaji?" Nikamwambia vyote viwili. Nilikwenda ofisi ya ardhi Mbale mwenyewe. Nikakuta si ardhi ya milele, ni ya kukodishwa na bodi ya ardhi kwa miaka arobaini na tisa, na kumi na minane ilikuwa imekwisha kuliwa, na mzee hakuwa amenificha, ila hakuwa ameulizwa. Nikachukua wakili wangu, akachukua wakili wake, kwa sababu Biblia imesema hakuna awezaye kutumikia mabwana wawili, na sijaona ilipoandikwa kwamba mawakili wamesamehewa. Mke wa Yekosofati alikuja mbele ya wote wawili, akasomewa mkataba kwa Kigisu mpaka akasema ameelewa, akatia sahihi kwanza yeye, kabla ya mumewe. Bodi ikatoa kibali, mthamini wa serikali akaja kuiangalia nyumba, ushuru wa stempu ukalipwa, nyumba ikahamishiwa jina langu. Miezi saba, wanangu! Miezi saba ya kwenda na kurudi Jinja na Mbale, na watu wakinicheka, na nilipoingia na vitanda vyangu hakuna mtu aliyesimama mlangoni na mwiko. Mali bila daftari huisha bila habari. Yangu imo daftarini.

Na choo cha Mutwalibu. Janepher anacheka, anajua. Mpima ardhi alipokuja kufukua mawe ya mipaka, tulikuta choo cha jirani yetu Mutwalibu kimeingia hatua moja na nusu ndani ya kiwanja chetu, na Mutwalibu akasema mawe ndiyo yaliyotembea. Tulitukanana wiki mbili. Halafu tukaandika mkataba, yeye, mimi na LC: choo kibaki mpaka kijae, na kikijaa, cha pili achimbe upande wake. Mkataba huo ni halali, msimvunjie mtu choo nikishakufa mkadai ni mimi niliyesema. Subirini. Ana watoto tisa, hakitachelewa.

Norman, mbona unaangalia dirishani? Mara ya nne hii. Kuna nani nje?

Mnunuzi. Umemleta mnunuzi kwenye kitanda changu, ukamkalisha juani. Hapana, usimfukuze. Mlete. Nimesema mlete!

Karibu, mwanangu. Lo! Mtoto wa magereza. Shusha mkono, usinipigie saluti, mimi ni mgonjwa, si bendera. Unaitwa nani? Ojwang. Wa Tororo. Na mke unaye, na mimba ya kwanza, na mnaishi kambini kwenye chumba chenye pazia. Sikuambiwa na mtu, nimeiona kwenye viatu vyako. Sema, umeshampa huyu chochote? Umempa arubuni, na yeye amekupa risiti ya mkono. Hati umeiona? Hukuiona. Ofisi ya ardhi Mbale umekwenda? Hukwenda. Ndani ya nyumba unajua kunalala nani? Basi geuka umtazame huyu dada kwenye mkeka, ndiye anayelala humo, na watoto watatu, na ndiyo kwanza leo anasikia jina lako. Kwa nini hukuuliza, mwanangu?

Mnamsikia? Anasema, "Niliambiwa ni nyumba yako, Afande."

Ee Mungu wangu. Norman, umesikia? Mimi nimekuwa Bakhit. Nimelala hapa na bandeji yangu, najiona mwerevu, na cheo changu kimetoka nje ya nyumba bila mimi kikamkamata mtoto wa watu. Ungekiweka kidole changu kwenye ile karatasi, mwanangu Norman, na kesho kutwa mimi nikafa, huyu angekuja Malukhu na kitanda chake na mke wake mwenye mimba, na dada yako angesimama mlangoni, na mimi nakuambia angesimama, kwa maana nimemzaa mwenyewe. Nani angekuwa mwizi hapo? Wewe unayempenda mama yako? Huyu aliyeheshimu sajini? Hakuna mwizi, na watu wote wameibiwa.

Mrudishie chake leo, kabla hajatoka kwenye ua huu, chote, bila kukata nauli. Na wewe, Ojwang, usiondoke ukiwa umenuna. Nyumba yangu hupati, lakini utapata nyumba, na kwa kuwa umefika, uliza. Uliza, usinionee haya. Wakili wa muuzaji anaweza kukuandikia na wewe? Anaweza, kama fisi anavyoweza kukuchungia mbuzi, tafuta wako. Mwenyekiti wa LC? Mwone, maana anajua nani anagombana na nani, lakini usitoke kwake ukidhani umenunua. Muuzaji akikuambia fanya haraka, kuna mwingine anakuja? Mwambie amuuzie huyo mwingine. Na muuzaji akiwa ni afande mkubwa wako, mwenye nyota mpaka kwenye kofia? Mpigie saluti kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto mwombe hati. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mimi nimelala kitandani na mwanangu wa kumzaa alitaka kuniuza bila kuniuliza.

Unalia, Norman. Lia. Sikukasirikia nia yako. Ulitaka kunipa miaka miwili ya India. Mimi nakupa wewe na dada yako miaka kumi na mingapi sijui ya nyumba iliyobaki daftarini, na baada yake mingine mkiomba kwa bodi kabla haijaisha. Msingoje iishe! Mwende miaka mitatu kabla, mpeleke maombi, mdai risiti.

Haya ninayosema kwa mdomo ni ya mioyo yenu. Ya mahakama nimeshayaandika. Wakili Racheal alikuja hapa mwezi uliopita, Norman akidhani ni mtu wa maombi, nikatia sahihi yangu kwa mkono wangu huu, ikatoka kama njia ya konokono lakini ni yangu, na mashahidi wawili wakatia zao, watu wasiorithi hata kijiko. Nyumba ni yenu wote wawili, nusu kwa nusu, kila mtu na nusu yake, na Janepher anakaa humo mpaka mwanawe mdogo amalize shule. Nikifa, msikimbilie ofisi ya ardhi na machozi. Nendeni kwanza mahakamani pamoja na Racheal, mpate idhini ya kusimamia mali yangu, ndipo mkabadilishe jina. Kabla ya hapo asiuze mtu, asikodishe mtu, asitie mtu sahihi. Ukoo wa Wanyama wakija na maneno, wapeni chai na wapeni nakala. Nakala tu.

Kifua kinabana. Hapana, acha dawa. Acha.

Sikieni sasa. Mimi sifii hapa. Norman, nyumba yako ni nzuri, mke wako ananipikia vizuri, lakini hii ni nyumba ya kupanga na mwenyewe simjui hata jina. Mimi nilizaliwa kwenye ardhi ya watu wengine wakati wa kukimbia, nikaishi kwenye chumba cha serikali, nikafukuzwa na mwiko Bugembe hii. Nataka kufia Malukhu. Nataka nikivuta pumzi ya mwisho, ukuta unaonisikia uwe na jina langu kwenye kitabu. Daktari amekataza? Daktari alikataza nisiseme pia, na mnaona. Ita gari. Leo. Kabla ya mvua ya Mbale.

Janepher, tanguliza simu nyumbani, wanitandikie chumba cha mbele. Mwambieni Mutwalibu aje... nimtukane kidogo.

Njooni karibu. Mkono wangu hauinuki, inameni ninyi. Mungu wa baba yenu na Mungu wa mama yangu awape mlango wenye ufunguo, na ufunguo usiogombewa. Awape ulimi wa kuuliza. Norman, nakubariki, wewe uliyenibeba. Janepher, nakubariki, wewe usiyehama. Na wewe, Ojwang... mtoto wako azaliwe mahali ambapo mama yake ametia sahihi.

Sasa ninyanyueni. Norman, mabega. Janepher, miguu. Ojwang, wewe... shika mlango usinigonge. Taratibu. Msinililie, mnanitikisa. Hivyo. Hivyohivyo.

Jua kali... nani kazima jua? Basi. Twende. Nani amesimama? Mbona hatusogei? Nimesema... twendeni nyumbani.